Dakika Nne za Matroni

Matroni aliponiambia mara ya kwanza ninawe mikono polepole, nilijua ananitafutia makosa.

Ilikuwa wiki yangu ya pili katika wodi ya wazazi, kwenye kituo kimoja cha afya pale Isiolo ambacho jina lake nitaliacha. Mfereji ulikuwa umekauka, kwa hiyo tulinawa kwa mtungi wenye kibomba uliowekwa juu ya stuli. Nilikuwa nimeshajipaka sabuni na kuisuuza, maana akina mama sita walikuwa wananingoja. Akasimama kando yangu, mfupi, mnene kiasi, saa yake ya kifuani ikining'inia kichwa chini.

"Rudia," akasema.

"Nimenawa, Matroni."

"Nimeona umenawa. Rudia, lakini sasa sikia hii maji. Ni baridi ama ni moto? Usinijibu. Sikia tu."

Nikarudia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama kila kitu Isiolo ifikapo saa nne asubuhi. Lakini sikuwa nikiyasikia. Nilikuwa najiuliza ni nani amemtuma, na jina langu litaandikwa kwenye karatasi gani. Mtu mzima anayekusimamisha kazini ili usikie maji ana jambo lake.

Nimelelewa kushuku. Baba yangu alisafirisha mifugo kwa lori miaka mingi, na alikuwa akituambia nyumbani kwamba askari anayekusimamisha kwa upole ndiye wa kuogopa, kwa sababu anayepiga kelele umeshajua anataka nini. Matroni alikuwa mpole kwangu asubuhi ile. Nikamwogopa.

Alizaliwa wapi na watu wake ni akina nani, sijui. Sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Kiswahili chake kilikuwa cha milimani, na aliniamkia "Salaam aleikum, Sista Hodan" kwa lafudhi iliyowafanya wenzangu wafiche vicheko. Nilifanya kazi chini yake miaka saba, na katika miaka hiyo sidhani nilipitisha mwezi bila kumshuku kwa jambo fulani.

Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na benchi la mbao lililoegemea ukuta wa mabati. Kila zamu, kila muuguzi alikuwa na dakika nne za benchi. Matroni mwenyewe alikuja kushika wodi wakati wewe umetoka. Simu uliiacha kwenye droo.

"Kaa," alituelekeza. "Sikia miguu yako iko chini. Pumua kama mtu hana haraka. Ukifikiria wagonjwa, sawa, rudi kwa miguu. Ukifikiria bwana yako, rudi kwa miguu. Ukilia, lia, lakini ukimaliza rudi kwa miguu."

Mutuma, muuguzi wa kiume tuliyekuwa naye zamu moja, alipaita pale Kanisa la Matroni. "Hodan," alikuwa akinong'ona akipita na trei ya dawa, "enda kanisani, dakika zako zimefika."

Yeye alitania tu, lakini mimi neno lile lilinikaa vibaya. Mama yangu aliposikia habari ya benchi aliacha kukanda unga. "Hiyo kupumuapumua ni dini gani?" akauliza. Kesho yake nikamfuata Matroni mpaka stoo ya shuka.

"Matroni, nataka kuuliza. Yale mambo ya benchi ni maombi?"

Hakuacha kuhesabu shuka. "Maombi yangu nafanya Jumapili, na wewe yako unafanya mara tano kwa siku. Unanishinda. Hii ni kupumua. Hata ng'ombe inapumua."

"Sasa mbona tunafundishwa?"

"Kwa sababu ng'ombe haisahau. Nyinyi mnasahau. Nimekuona jana umeshika pumzi kutoka kitanda ya kwanza mpaka ya nane."

Nikaenda zangu. Niliridhika kuhusu dini, lakini sasa nikawa na shaka nyingine: huyu mwanamke ananitazama kwa karibu kiasi cha kuhesabu pumzi zangu?

Alitutazama, ni kweli. Alikuwa na mtindo mmoja uliotuudhi sote. Ukiingia wodini mbio, jasho likikutoka, alikunyooshea kidole. "Umeingia, lakini hujafika. Toka, uingie tena." Ungerudi mlangoni mbele ya wagonjwa na jamaa zao, ushike kitasa, usimame, halafu uingie tena kama bibi harusi. Siku moja alimrudisha daktari. Daktari akadhani anataniwa, akacheka, kisha akamtazama usoni na kutoka.

Ungefikiri mtu wa namna hiyo ni mtulivu. Matroni hakuwa mtulivu hata kidogo. Alimfokea mtunza dawa mpaka madirisha yakatikisika. Chai aliinywa ikiwa inachemka bado, amesimama, kikombe mkono mmoja na orodha ya zamu mkono wa pili. Alipiga mihuri kwa nguvu kama anayeua nzi. Na likizo alizikata bila huruma. Mwaka wangu wa tatu niliomba siku kumi za mwisho za Ramadhani, akanijibu mbele ya watu, "Hakuna. Sina mtu wa kuweka hapo." Jioni ileile akaniuliza kama nimeenda benchi.

Hapo ndipo shaka yangu kubwa ilipozaliwa. Nikasema kumbe hii ndiyo siri yake. Likizo hatoi, watu haongezi, badala yake anatupa dakika nne za kusikia miguu. Ni kama kumpulizia punda usoni ili abebe gunia jingine. Nilimweleza Mutuma, naye kwa mara ya kwanza hakutania.

"Si wewe tu," akasema. "Mimi nafikiri analipwa na ofisi kwa hiyo kitu."

Kisha ikaja semina. Meneja wa kituo alimleta mgeni kutoka Nairobi kutufundisha habari za msongo wa mawazo na kuchoka kazini. Tuliketi ukumbini, tukapewa soda na andazi. Mgeni alikuwa na sauti laini na picha za maua ukutani. Akatuambia tufumbe macho tujione tuko ufukweni.

Mutuma akainua mkono. "Samahani. Mimi sijawahi kufika ufukweni. Naweza kuona mto Ewaso Nyiro?"

Watu wakacheka. Meneja akasimama, akasema mgeni asishangae, sisi tayari tuna programu yetu nzuri ya utulivu chini ya Matroni, na kwa sababu hiyo wafanyakazi wetu hawalalamiki. Nilimtazama Matroni. Alikuwa mstari wa nyuma, uso umemkauka. Akachukua mkoba wake, akatoka bila kugusa soda yake. Nikaona: amekasirika kwa sababu siri imetolewa hadharani. Nilikosea, lakini si kwa yote.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana bila hilo nisingejua chochote.

Ilikuwa alasiri. Mwenzetu mmoja alikuwa mgonjwa, kwa hiyo wodi nzima tulibaki wawili, mimi na Mutuma, na mimi nilikuwa nimeunganisha zamu mbili. Kitanda cha tatu alilala mama kutoka Burat aliyekuwa amejifungua muda huohuo na alikuwa anavuja damu kuliko kawaida. Kitanda cha nne alilala mama kutoka Oldonyiro, safari ya vumbi ya nusu siku, uchungu ndio unaanza. Nikavuta sindano ya kubana kizazi kwa ajili ya yule wa Burat. Nikatembea. Nikamsafisha mama ngozi ya paja kwa pamba. Akanitazama, akashika tumbo lake, akaguna.

Nilikuwa kwenye kitanda cha nne.

Sindano ile kwa mama ambaye mtoto bado yuko ndani inaweza kuua wote wawili. Sijui kwa hakika nilisimama kwa sababu ya nini. Labda ni vile alivyoguna. Labda ni mambo ya miguu, kwa maana nakumbuka wazi nilisikia kisigino changu cha kushoto kikiuma, na katika kukisikia nikaiona namba ya kitanda. Niligeuka nikampa dawa aliyestahili. Damu ikapungua. Kisha nikaenda stoo ya shuka nikakaa sakafuni.

Hakuna aliyeona. Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia Matroni saa hiyohiyo, na mpaka leo sijui kama ilikuwa uaminifu au uchovu tu wa kushindwa kubeba kitu kingine zaidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa daftari la ripoti. "Andika."

"Matroni, hakuna aliyeumia."

"Ndiyo maana unaandika. Andika saa ngapi uliingia kazini. Andika mlikuwa wangapi. Andika wagonjwa walikuwa wangapi."

Nikaandika. Akararua ukurasa, akautia kwenye faili ya kahawia, akaifungia kabatini. Hakunipa pole. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimejiandikia barua ya kufukuzwa kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Siku mbili baadaye aliitwa chumba cha leba, akaacha ufunguo kwenye kabati la ofisini mwake. Nikaingia. Sijivunii. Nilitaka kuutoa ule ukurasa kabla haujapanda kwa meneja.

Ndani ya faili zilikuwa nakala za barua. Hazikuwa mbili wala tatu. Zilikuwa nyingi, miaka na miaka, zote kwa uongozi, zote zikiomba kitu kimoja: wauguzi. Nyuma ya kila barua kulikuwa na ripoti kama yangu, jina limefutwa kwa wino mweusi. Kumbe nilikuwa na wenzangu wengi. Barua ya karibuni ilikuwa fupi. Ilisema: "Ninawafundisha hawa watu kupumua kwa sababu hamjanipa watu. Msidhani kupumua ni watu."

Chini yake lilikuwa jibu la meneja. Alimshukuru kwa juhudi zake. Aliandika kwamba kwa kuwa programu ya utulivu imeonyesha wafanyakazi wanaweza kuhimili kazi, maombi ya kuongeza wauguzi yatasubiri. Alimtia moyo aendelee nayo.

Nilisoma mara mbili. Basi nilikuwa nimeshuku sawasawa, ila nilimshuku mtu asiye sahihi.

"Umeingia," akasema Matroni mlangoni.

Faili ikaniponyoka. Karatasi zikatapakaa sakafuni. Sikujaribu kudanganya. "Nilitaka kutoa ripoti yangu."

"Najua. Mimi pia ningetaka." Akafunga mlango, akainama kwa shida, tukaokota pamoja. "Umesoma ile ya meneja?"

"Nimesoma."

"Basi unajua nimefanya nini. Nilitaka msife moyo kabla msaada kufika. Sasa wanasema mko sawa, msaada wa nini." Akakaa kwenye kiti. Sikuwahi kumwona amekaa ofisini mle. "Hiyo benchi ni yangu, na imewaumiza."

Nikamwuliza kitu kilichokuwa kimenikera siku nyingi: kwa nini yeye mwenyewe hajawahi kukaa dakika nne.

"Nilikaa mara moja," akasema. "Kuna mama alinifia mkononi, zamani, mahali pengine. Nilikuwa peke yangu na wodi mbili. Nikinyamaza, namsikia ananiita sista. Kwa hiyo sinyamazi. Nyinyi bado hamjafika hapo. Ndiyo nilitaka mwanze mapema."

Nikapanga karatasi kwa tarehe.

Jumatatu iliyofuata, tulipomaliza kukabidhi wodi kwa wenzetu wa zamu ya asubuhi, Matroni akatuambia tusiende nyumbani bado. Tulikuwa saba, pamoja na wenzetu wa wodi nyingine. Akatuongoza mpaka kwenye korido ya utawala, mbele ya mlango wa meneja, akatuambia tukae chini.

"Dakika nne," akasema. "Msiongee. Mtu akiwauliza, mwambieni aniulize mimi."

Tukaketi kwenye saruji, na sare zetu, migongo ukutani. Meneja alifika na funguo mkononi. Akasimama.

"Hii ni mgomo?"

"Hapana, bwana," akasema Matroni. "Wodi imeshikwa, unaweza enda kuangalia. Hii ni ile programu uliandika tuendelee nayo. Karibu ukae."

Meneja akaturuka miguu, akaingia, akafunga mlango. Kesho yake tukarudi. Siku ya tatu wale wa zamu nyingine nao wakafanya vivyo hivyo baada ya kukabidhi. Siku ya nne mzee mmoja wa Kiborana aliyekuwa akimngoja mkwewe wodini alituamkia "Nagaa," akauliza tunangoja nini. Hakuna aliyemjibu. Akaketi nasi, fimbo magotini. Siku ya tano walikuwa wazee watatu, na akina mama wa kliniki na watoto wao, na mwuza miraa mmoja aliyekuja kumtazama mkewe, wote kimya, na meneja hakuwa na mahali pa kukanyaga. Mimi niliogopa. Nilikuwa na hakika kati yetu kuna mtu anayeandika majina. Nilimshuku hata Mutuma, Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu walikuja wauguzi watatu wapya, wa mkataba wa miezi sita. Mkataba ule baadaye uliongezwa.

Kwa Matroni ilikuja barua ya kustaafu mapema, kwa manufaa ya kituo. Aliisoma mbele yetu, amesimama, chai mkononi. Akachukua muhuri wake wa "Imepokelewa," akaugonga kwenye barua ile kwa nguvu zake zote, akairudisha kwenye bahasha. Hatukufanya sherehe. Aliondoka na mkoba wake na ile stuli ya mtungi, akisema aliinunua mwenyewe.

Miaka minne ilipita nisimwone. Nilisikia ana shamba Burat, upande wa mbali na kambi ya jeshi, anauza vitunguu na sukuma wiki. Sikwenda. Kila nikipanga kwenda nilijiuliza atataka nini kwangu.

Mwaka jana uongozi uliniandikia. Walitaka niwe matroni. Barua ilikuwa ya adabu sana, na adabu ile ilinipotezea usingizi wiki nzima. Asubuhi ya siku yangu ya ofu nikapanda boda boda mpaka Burat na barua mfukoni.

Nilimkuta anapalilia. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, gamubuti miguuni. Hakukimbilia kunisalimu. Alijinyoosha, akakinga jua kwa mkono, akanitazama kutoka juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu.

"Wamekutuma?" akauliza.

"Nani?"

"Hao."

"Hapana, Matroni. Nimekuja mwenyewe." Nikacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuwa mtu wa kushukiwa. Nikampa barua.

Akaisoma polepole, akairudisha. "Wewe unataka?"

Nilikuwa nimejitayarisha barabarani kote. Nikamwambia nimefikiria vizuri, kwamba ningeweza kulinda wasichana wapya, kwamba akikataa mtu kama mimi watamweka mtu wao, kwamba siku hizi niko sawa kabisa, nalala, napumua, nakaa dakika zangu kila siku bila kukosa. Niliongea sana. Yeye aliendelea kunitazama tu.

"Leo ni zamu yako?" akauliza.

"Hapana. Leo niko ofu."

"Hodan," akasema. Katika miaka yote hakuwahi kuniita hivyo, bila Sista. "Angalia umevaa nini."

Nikaangalia. Nilikuwa nimevaa sare. Nguo nyeupe, mtandio mweupe wa kazini, viatu vya wodini, kalamu mbili kifuani na karatasi ya mgonjwa fulani imekunjwa mfukoni. Nilikuwa nimeamka, nikaoga, nikaagana na mama yangu, nikapanda pikipiki kilomita zote zile, na wakati wote huo sikujua.

Sikulia pale.

Hakunihubiria. Alinishika kiwiko, akaniingiza ndani, akanipa dera lake lililonipwaya na leso ya kujifunika kichwa. Nilipotoka alikuwa ameshatia sare yangu kwenye beseni, anaifua kwa mikono yote miwili. Akaianika kwenye waya wa ua, akaleta viti viwili vya plastiki na kahawa ya tangawizi, ambayo najua aliipika kwa ajili yangu maana yeye ni mtu wa chai. Akanipa rundo la sukuma nichambue.

"Ikikauka utaenda," akasema.

Barua ya uongozi niliijibu wiki hiyohiyo. Nilisema hapana kwa sasa, na nikaomba likizo yangu yote niliyokuwa naidai, na nilipoambiwa hakuna mtu wa kushika nafasi yangu nikasema hilo ni lao kulijibu. Leo niko wodini tena, muuguzi wa kawaida, na siku za ofu mama yangu hunikagua mlangoni. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku ile Burat jua lilikuwa kali na upepo upo. Sare ya pamba nyepesi haihitaji zaidi ya nusu saa. Tulikaa, majani yakipasuka vidoleni mwetu, na kila baada ya muda nilitupa jicho kwenye waya, nikahesabu dakika zilizobaki kabla ya kuambiwa niende. Pindo lilikuwa limeshaanza kupepea, kavu kabisa, Matroni alipoinuka. Akaitoa sare kwenye waya, akaikagua kola, akarudi nayo mpaka kwenye beseni, akaizamisha tena yote.

"Bado ina sabuni," akasema, akarudi kukaa.

Haikuwa na sabuni. Niliiona kwa macho yangu. Nikachukua rundo jingine la sukuma.